Kabla Hujapiga Simiti Nyumba ya Babu, Soma Yaliyotupata

Ilikuwa Alhamisi, adhuhuri imekaribia, na mamangu ametoka chumbani mwake kwenda kutia udhu. Hajafika mlango wa choo akasikia kishindo nyuma yake. Aliporudi alikuta kipande cha dari, ukubwa wa sinia ya pilau, kimelalia mto wake: mawe, vumbi la chokaa, na ncha ya boriti iliyooza hata ukiishika inavurugika mkononi kama majani ya chai. Lau angechelewa dakika mbili, leo ningekuwa naandika tanzia, si makala haya.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, mtaa wa Kuze. Ni nyumba ya mawe ya orofa moja, mbele ina roshani ya mbao, na nyuma, juu ya chumba cha mama, kuna sakafu ya wazi tunapoanika nguo. Aliijenga babake babu. Tumezaliwa humo ndugu wanne, na babangu alitolewa humo kwenda kuzikwa. Jioni ya siku ile tulikutana, wawili ana kwa ana na wawili kwa simu. Kaka yetu mkubwa, aliye Maskati, alisema iuzwe kabla haijaua mtu. Dada yangu akasema ibomolewe zijengwe fleti, kila mtu apate mlango wake. Mdogo wetu akanyamaza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Nyumba hii imekaa miaka yote hiyo haijaangusha hata kokoto. Mumeifanya nini?"

Mimi nilikuwa na jibu, nikalificha. Miaka sita kabla ya siku ile, ni mimi niliyeipiga nyumba ile simiti.

Naandika haya kwa sababu kila nikipita mtaani naona jirani mwengine amemwaga mchanga na mifuko ya simiti mlangoni, anataka "kuifanyia ripea" nyumba ya wazee. Nia ni njema. Mimi pia nia yangu ilikuwa njema. Lakini nyumba ya mawe ya zamani si nyumba ya matofali ya leo, na dawa ya moja ni sumu ya nyengine. Nitaeleza nilivyofunzwa, kwa gharama, ili msomaji asilipe mara mbili kama nilivyolipa.

Nyumba zenyewe zimejengwa kwa nini

Kuta za nyumba zetu ni matumbawe. Pwani yote hii imekalia miamba ya matumbawe ya kale, na wazee walichimba mawe hayo nchi kavu kwa kujengea. Matumbawe ya baharini, ambayo huwa laini yakiwa mabichi, waliyakata kwa kuchongea nakshi, mihrabu na fremu za milango. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, ni mawe hayo hayo. Magofu ya Gede na majumba ya Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia za UNESCO mwaka 2001, ni mawe hayo hayo.

Kilichoshikanisha mawe hayo ni chokaa, nayo yatokana na matumbawe vilevile. Jiwe hupangwa juu ya magogo, likachomwa kwa moto mkali wa kama nyuzi 900, likageuka jeupe na jepesi. Likitiwa maji huchemka, likalainika na kuwa uji mzito. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hunyonya hewa ile ile tunayoitoa puani na polepole hurudi kuwa jiwe. Kwa hivyo katika ukuta wa zamani jiwe na gundi yake ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili wana vitundu vidogo, wote hunywa maji na wote huyatoa.

Kuta hizo ni nene, aghalabu nusu mita, na hapo ndipo baridi ya nyumba zetu inapotoka. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba mzigo ikiwa ndefu mno, na ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita mbili na nusu au tatu hivi. Wageni hudhani wazee hawakujua kupima vyumba. Walijua. Mti ndio uliowapa kipimo. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto ndogo, kisha hupondwa siku kadhaa mpaka ikashikana. Hiyo ndiyo sakafu ya juu, na ukiwa chini ndiyo dari.

Sasa fikiria mwaka mzima wa nyumba kama hiyo. Mvua ya mwaka inanyesha, ukuta unalowa. Ardhi nayo ina maji, na ukuta unayavuta kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Mvua ikikatika, na hasa kaskazi ikivuma, ukuta unayatoa maji yale nje kupitia chokaa. Unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, miaka mia, bila madhara. Siri yake ni hiyo, kwamba haukuzuia maji kuingia bali uliyapa njia ya kutoka.

Simiti yangu ilifanya nini

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba nyufa zote. Shida ni kuwa sikuuliza zinazibwa kwa nini.

Ukuta wa nje wa nyuma ulikuwa ukimwaga mchanga, plasta ya zamani ikikatika vipande. Fundi niliyemchukua, kijana hodari aliyezoea kujenga nyumba za matofali, aliniambia tuibandue yote tupige simiti ngumu, "hutaigusa tena maisha." Kule juu kwa kuanikia nguo kulikuwa na mahali panapovuja mvua kubwa ikinyesha, tukamwaga simiti inchi mbili juu ya sakafu ya zamani. Ndani tukapaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa na kufutika kwa kitambaa. Mwisho, kwa kuwa maji ya mfereji hayana tabia ya kuaminika, nikapandisha tangi la lita 1,000 nikaliweka juu ya ile sakafu. Mwaka wa kwanza kila mgeni aliisifu nyumba.

Mwaka wa pili rangi ya chumba cha chini ilianza kuvimba mapovu. Ukiyapasua, nyuma yake unga mweupe. Ule unga ni chumvi. Maji ya ardhini ya hapa kisiwani yana chumvi, na mchanga wa pwani tuliochanganyia plasta nao ulikuwa na chumvi. Zamani maji yalipotoka nje yaliiacha chumvi juu ya plasta ya chokaa, ikafagiwa. Nilipouziba ukuta kwa simiti na rangi ya mafuta, maji hayakuwa na pa kutokea, yakazidi kupanda juu kutafuta njia. Pale penye upenyo yalikauka, chumvi ikaganda ndani ya jiwe, na chumvi inapoganda hupanuka. Inalisukuma jiwe, jiwe linavunjika kuwa mchanga. Plasta ya simiti ikabaki imesimama kama ganda la yai, nyuma yake ukuta unaliwa.

Juu kulikuwa kubaya zaidi, na hakukuonekana. Boriti na chokaa hutikisika kidogo kidogo, mtu akitembea, joto likipanda na kushuka. Chokaa huvumilia mtikiso huo kwa kuwa ni laini. Simiti ni ngumu, haivumilii, ikafanya nyufa nyembamba kama unywele. Mvua ikapenya kwenye nyufa hizo ikakaa baina ya simiti na sakafu ya zamani, imefungiwa chini ya simiti na jua haliifikii. Ikashuka mpaka kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani. Mkoko ni mti mgumu, lakini ukikaa katika unyevu usiokauka mwaka hadi mwaka, unaoza ncha zake. Katikati ukiigonga boriti inalia kama chuma, na ncha yake imekwisha. Ongeza tangi la lita 1,000, ambalo likijaa ni tani moja nzima, limekaa juu ya kitanda cha mamangu.

Haya yote sikuyajua mimi. Aliyenieleza ni mzee mmoja, fundi wa chokaa wa zamani, tuliyemuita baada ya dari kuanguka. Alizunguka nyumba akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kila mara akiweka sikio. Pahali palipolia kama ngoma tupu alipiga mstari kwa mkaa. Alipomaliza, ukuta wa nyuma ulikuwa na mistari kama ramani. Akaniambia, "Mwanangu, ukuta huu ulikuwa na mafua, wewe ukauziba pua na mdomo."

Simiti haina kosa. Kwa nyumba ya matofali na nguzo za chuma ndiyo yenyewe. Lakini tangu ilipoanza kutengenezwa hapa hapa Mombasa miaka ya 1950 imekuwa rahisi kupatikana kuliko chokaa, na mafundi wachanga hawakufunzwa chengine. Wanakutibu kwa dawa waliyo nayo.

Maji kwanza, mengine baadaye

Ukitaka kuitengeneza nyumba ya mawe, usianze na rangi, usianze na marumaru, usianze na jikoni. Anza na maji. Mzee alinipa kazi ya wiki mbili isiyokuwa na gharama yoyote, na kila mwenye nyumba aweza kuifanya.

Panda juu ya paa mvua ikinyesha, si jua likiwaka. Tazama maji yanakwenda wapi. Mlizamu umeziba majani? Gata imetoboka? Bati limeinuka pembeni? Sisi tuligundua mlizamu wa nyuma ulikuwa ukimwaga maji yote kwenye pembe moja ya ukuta, kwa kuwa kipande chake cha mwisho kilianguka na hakuna aliyekirudisha.

Kisha tazama alama za unyevu ndani. Ukiwa chini, kuanzia sakafuni hadi kama mita moja, maji yanatoka ardhini. Ukiwa juu karibu na dari, yanatoka kwenye paa. Ukiwa katikati ya ukuta peke yake kama kiraka, shuku mfereji uliozikwa ndani ya ukuta, au choo cha upande wa pili. Siku hizi kuna sababu nyengine: kijipombo cha maji ya eisii kinachodondokea ukutani usiku kucha. Ni matone tu, lakini hesabu matone ya miezi.

Nyufa nazo zina lugha yake. Chukua penseli, piga kistari pale ufa unapoishia pande zote mbili, andika tarehe. Rudi baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Ufa usiosogea ni kovu la zamani, utazibwa kwa chokaa. Ufa uliopita mstari wako, au unaopanuka juu kuliko chini, au mlango ulioanza kukwama wakati haukuwa ukikwama, huo si wa fundi wa plasta. Ita mhandisi, na hapo usione uchungu wa pesa.

Boriti zikague kwa msumari mrefu au bisibisi. Usidunge katikati, dunga pale inapoingia ukutani. Ikizama bila kazi, boriti hiyo imekwisha, hata kama rangi yake inang'aa.

Sisi tulipomaliza hesabu hizo tulikuta boriti 5 za chumba cha mama zimeoza ncha, na nyengine zote za nyumba ni nzima. Kaka yetu wa Maskati alipoambiwa "tano", alinyamaza kidogo kwenye simu. Yeye alidhani nyumba nzima imekwisha, na mimi nilidhani hivyo hivyo. Hapo ndipo mazungumzo ya kuuza yalipoanza kupoa.

Kazi yenyewe

Siku ya kwanza tulilishusha tangi. Siku hizi limekaa chini uani, juu ya msingi wake, na pampu ndogo inapeleka maji juu. Siku ya pili tulizitegemeza dari kwa nguzo za mbao kabla ya kuondoa chochote. Hili naomba lisipuuzwe. Nyumba za zamani zimeegemeana ndani kwa ndani, ukiondoa kimoja bila kukitegemeza, chengine kinafuata. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib kule Unguja, jengo la 1883, ilianguka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Ikiwa jumba la Sultani laweza kuanguka hivyo, seuze nyumba yetu ya Kuze.

Kisha tuliibandua simiti. Ilitoka kwa patasi na nyundo ndogo, pole pole, kwa maana ukiipiga kwa nguvu inatoka na uso wa jiwe. Ukuta ukaachwa wazi kaskazi nzima ukauke. Majirani waliuliza kama pesa zimetuishia. Mzee fundi alisema ukuta ulioloweshwa miaka sita haukauki kwa wiki sita, na asingeweka chokaa mpaka aridhike.

Boriti tulinunua za mkoko zilizokauka, kwa muuzaji mwenye kibali cha KFS. Uliza kibali hicho. Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji mikoko wa Lamu walikaa bila kazi, na funzo lilikuwa kwamba mikoko ikikatwa ovyo sote tunakosa, mvuvi na mjenzi. Anayeuza boriti anajua daraja zake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwambie upana wa chumba na mzigo utakaokaa juu, naye atakupa inayofaa. Kabla ya kuziingiza ukutani, ncha zilipakwa dawa ya mchwa na kuachiwa nafasi ndogo ya hewa pembeni, zisikumbatiwe na mota pande zote.

Chokaa nayo ina adabu zake. Ile ya mfukoni ya madukani inafaa, lakini uliza kama ni ya kujengea, si ya shambani. Iroweke kwenye pipa au shimo, ifunikwe na maji juu, ikae wiki kadhaa. Ikikaa miezi ni bora zaidi. Ukipata chokaa iliyochomwa ambayo haijatiwa maji, jihadhari: inapokutana na maji huchemka kwelikweli, inaunguza ngozi na kupofua macho. Vaa glavu na miwani, na watoto wawe mbali. Kipimo chetu kilikuwa pishi moja ya chokaa kwa pishi tatu za mchanga, na mchanga uwe mkali, uliooshwa, usiokuwa wa ufuoni. Mashimo makubwa ya ukuta hutomewa kwanza kwa vijiwe na chokaa. Kisha plasta hupigwa nyembamba, kama unene wa sentimita moja, huachwa ikaze siku kadhaa, ndipo ya pili ifuate. Kila asubuhi na jioni hunyunyiziwa maji, na upande wa jua hufunikwa magunia mabichi. Chokaa ikikauka kwa pupa hupasuka na kuwa unga. Kwa hivyo msimu mzuri ni baada ya mvua kubwa kukatika, jua halijawa kali.

Mwisho ni kupaka chokaa nyembamba kama maziwa, mikono minne au mitano, badala ya rangi ya mafuta. Haing'ai. Ukiegemea mwezi wa kwanza inaweza kukutia weupe begani, na kila baada ya miaka michache utaipaka tena. Lakini ndoo moja ya chokaa haifanani bei na ndoo ya rangi, na ukuta unapumua.

Kule juu, simiti iliondolewa ikarudi sakafu ya chokaa na kokoto, imepondwa, imepewa mteremko wa kutosha maji yasitue. Mvua ya mwaka iliyofuata nilikaa chumbani kwa mama na ndoo tatu tupu, nikisubiri. Ziliamka tupu.

Kupendeza kwake

Nyumba ikishapona, ndipo uipambe. Wengi wetu tunataka kuipamba kwa kuificha. Kaka alikuwa ameshatuma picha za dari za jipsam na taa za kuzama, na marumaru nyeupe chini mpaka uani. Tulibishana naye, lakini hoja hazikuwa za kupenda ya kale. Jipsam ingezificha boriti, na boriti isiyoonekana ndiyo iliyotaka kumuua mama. Marumaru zikifunika chini nzima, unyevu wa ardhi hukosa pa kutokea ukaingia kwenye kuta. Tukakubaliana: marumaru jikoni na chooni pekee, dari zibaki wazi, boriti zipakwe mafuta.

Nyuma ya kabati la ukumbini tulikuta vidaka vitatu, vile ambavyo watu wa Lamu huita zidaka, vilivyojazwa matofali sijui na nani. Tulivifungua. Mama ameweka humo chetezo, vikombe vya kahawa vya bibi, na misahafu. Kidirisha cha juu cha ngazi, tulichokipigilia bati kuzuia vumbi, tulikifungua tukakiwekea wavu. Joto la juu linatokea hapo na feni inalala mchana. Roshani ilibadilishwa mbao zilizooza tu, kwa mbao za aina ile ile, na nakshi zake za zamani zikarudishwa. Nyaya za umeme na mabomba yalipitishwa nje ya ukuta, ndani ya mirija, yakionekana. Si mazuri ya kutazamwa, lakini siku bomba likivuja tutaliona siku hiyo hiyo.

Chini tumerudisha baraza la mlangoni, lililokuwa limegeuzwa pahali pa kuegesha pikipiki. Hilo ndilo watu wanalolisifu zaidi, na ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote.

Karatasi

Mambo mawili ya mwisho, na usiyadharau. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo linalohifadhiwa, na ziko nyumba na maeneo yanayolindwa chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kabla hujabomoa ukuta, hujabadilisha roshani au kuongeza orofa, nenda kwa ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Kitaifa iliyo mjini, na kwa kaunti kwa kibali cha ujenzi. Watu huogopa ofisi hizo wakidhani watakatazwa kila kitu. Sisi tulipata ruhusa, na juu yake tukapata ushauri wa bure. Kosa langu la kwanza, lile la simiti, nililifanya usiku usiku bila kumuuliza mtu.

La pili ni mirathi. Hati ya nyumba yetu ilikuwa bado na jina la babu. Kwa miaka yote hiyo, kila aliyetakiwa kutoa pesa ya mlizamu alijiuliza moyoni: natengeneza nyumba ya nani? Basi hakuna aliyetoa, na kipande cha mlizamu kilikaa chini mpaka ukuta ukalowa. Nadhani nyumba nyingi za mji huu haziangushwi na mvua wala chumvi, zinaangushwa na swali hilo. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya 2010, ina mamlaka ya kuamua mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Tumekwenda. Kesi haijamalizika, kwa kuwa warithi wa babu wametapakaa, wengine Malindi, wengine ng'ambo. Lakini majina yote yameandikwa, mafungu yanajulikana, na sasa tuna daftari moja ambalo kila shilingi inayotolewa inaandikwa kwa jina la mtoaji. Kaka ndiye aliyetoa nyingi zaidi mwaka huu.

Alikuja Idi iliyopita. Tulimpa kulala chumba kile kile cha nyuma, kwa kuwa mama amehamia mbele karibu na roshani apate kuona wapitao. Asubuhi nilimkuta amelala chali, amekodolea macho dari. Nikamuuliza kama ameogopa. Akasema, "La. Nazihesabu. Tano mpya ni zipi?"

Nilimuonyesha. Kisha nikampa ngazi, tukapanda pamoja kuangalia mlizamu, maana majani ya mwembe wa jirani yalikuwa yameanza kujaa. Wewe pia, msomaji, ukiwa na nyumba ya wazee, usingoje dari ikuite. Panda wiki hii, kabla mvua haijashuka, uende na tochi, msumari mrefu na penseli. Mfuko wa simiti uache dukani kwanza.